Kintinku: kambale, kayaki na mume wa Ijumaa

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba wikiendi hii unakwenda kuvua samaki mkoani Singida, atacheka kwanza, halafu atakuuliza kama hukukusudia kusema Mwanza. Singida wengi wetu tunaijua kwa kuku wa kienyeji, alizeti, vitunguu na ule upepo wake. Wenye kumbukumbu nzuri watakutajia Ziwa Singidani pale mjini. Lakini Kintinku? Kwa abiria wengi wa mabasi ya Kanda ya Ziwa, Kintinku ni pale dereva anapopunguza mwendo, kina mama wanasogea madirishani na mabeseni, halafu gari linaondoka kwenda kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni na wewe unarudi kulala.

Safari nyingine usilale, mpenzi msomaji. Geuza shingo utazame bondeni. Mvua zikiwa zimenyesha vizuri, kuanzia mwezi wa tatu hivi utaona kitu usichokitarajia kabisa katika nchi ambayo shuleni tulifundishwa kwamba ni ya ukame: maji. Maji mengi, yametulia, yamechanganyika na matete na mpunga, yanakwenda mpaka macho yanachoka.

Hiyo ndiyo mbuga ya Bahi. Sehemu yake iko wilaya ya Bahi, Dodoma, na sehemu nyingine iko wilaya ya Manyoni, Singida, na huko ndiko iliko Kintinku. Mto Bubu unashuka kutoka kaskazini, unapita Chemba, unakuja kumwaga maji yake hapo na safari yake inakuwa imeishia hapohapo. Hakuna mlango wa kutokea kwenda baharini. Maji yanakaa mpaka jua liyanywe, ndiyo maana ukikanyaga udongo wa pembeni kiangazi unakuta umeweka weupe wa chumvi. Mwaka wa mvua nzuri ni ziwa, mwaka wa njaa ni uwanja wa mpira.

Sasa kabla hujaniuliza mhariri wa Dar alifuata nini huko, ngoja nikupe picha kamili.

Mimi na mume wangu ni miongoni mwa zile ndoa ambazo shoga yangu anaziita ndoa za treni. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, watu wengi walidhani ni maneno tu, maana uamuzi wenyewe ulikuwepo tangu 1973. Baada ya muda mafaili yakapakiwa kweli na watu wakafuata mafaili yao. Mume wangu naye zamu yake ilifika, miaka mitatu iliyopita. Mimi nikabaki Dar na mtoto, kazi yangu na mama yangu aliye jirani. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma, Julai 2024, mambo yamekuwa nafuu. Ijumaa natoka kazini, napanda treni, saa tatu na nusu au nne baadaye niko Dodoma. Jumatatu alfajiri narudi. Yeye wiki inayofuata anakuja. Wenzake ofisini wananiita mke wa Ijumaa, na mimi namwita mume wa Ijumaa, tunacheka. Tulikuwa tunacheka, niseme hivyo.

Shida ya wikiendi za namna hii kila aliye kwenye uhusiano wa mbali anaijua. Mnakutana mmechoka. Ijumaa ni usingizi, Jumamosi ni nyama choma na marafiki, Jumapili mchana mtu anaanza kukunja nguo na maneno yanakuwa mafupi. Mazungumzo yale makubwa, ya nyumba, ya mtoto, ya "tutaishi hivi mpaka lini", yanaahirishwa mpaka wikiendi ijayo. Kwa hiyo rafiki yetu mmoja, injinia wa maji, aliposema amenunua kayaki mbili za kujaza upepo kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na kwamba anajua mahali pa kuzijaribu, nilikubali hata kabla sijauliza ni wapi. Niliona angalau huko hakuna televisheni ya mpira.

Tulikuwa watano. Injinia na mchumba wake, ambaye ndiye huyo shoga yangu, nesi mwenye msimamo mkali kuliko madaktari wake. Mimi na mume wangu. Na Mhasibu, kapera wa kudumu, aliyekuja na kofia ya ukubwa wa ungo na fimbo ya kuvulia ya bei mbaya ambayo alikuwa hajawahi kuitoa kwenye ganda lake.

Tuliondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri. Barabara ni lami safi yote, unatoka kupitia Nala, unafika Bahi, unaendelea. Mibuyu inaanza kuonekana kama watu waliosimama gizani, halafu jua linatoka nyuma yako na kuipaka rangi. Mbele, ule ukingo wa Bonde la Ufa unanyanyuka kama ukuta wa bluu. Huko juu, Kilimatinde, Wajerumani walijenga boma lao wakawa wanaliangalia bonde zima hili chini ya miguu yao. Reli yao, iliyofika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, bado inakatisha humu Kintinku. Na siku hizi ina ndugu yake mpya: kile kipande cha reli ya kisasa kinachotoka Morogoro kinaishia Makutupora, wilaya hiihii ya Manyoni. Mume wangu alinionyesha nguzo za umeme wa treni zinavyokwenda. Nikamwambia hata huku treni imenifuata.

Chombo au godoro?

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kujitambulisha kwa wenye kijiji na kwa mtu wa uvuvi. Nakushauri na wewe usiruke hatua hii. Uvuvi Tanzania una sheria yake, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na maji yana wenyewe. Ukitokea tu na gari lenye namba za mjini ukaanza kutupa ndoano kwenye mfereji wa mtu wa mpunga, usishangae kuulizwa maswali. Tulipokelewa vizuri, tukafuata utaratibu, na tukapewa mwenyeji: mzee mmoja mvuvi, Mgogo, mwembamba kama pondo lake. Tulimwamkia, yeye akatuitikia kwa "mbukwenyi", salamu ya kwao, na alipoona Mhasibu anajitahidi kuitamka akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini kicheko chenyewe kilikuja tulipoanza kujaza kayaki upepo kwa pampu ya mguu. Watoto walitokea sijui wapi, kama ishirini. Mmoja aliuliza wazungu wako wapi. Mzee alizunguka kayaki mara mbili, akaibonyeza kwa kidole, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiki ni chombo au ni godoro?"

Mtumbwi wake yeye ulikuwa wa mbao, umezibwa kwa vipande vya bati na lami, unavuja kidogo, na kopo la kutolea maji liko hapo hapo miguuni. Mhasibu akaamua kupanda huo. Alisema anawaamini zaidi wazee kuliko mpira. Sisi wanne tukagawana kayaki mbili, wawili wawili, kila mmoja na jaketi lake la kujiokolea (hili halina mjadala, hata kama maji ni ya magoti), tukaingia kwenye mfereji.

Mifereji ya pale inatoka kwenye majaruba ya mpunga. Mahali pengine ni myembamba, unaweza kushika matete ya kushoto na ya kulia kwa wakati mmoja. Mahali pengine inafunguka ghafla na unajikuta kwenye maji mapana, miti imesimama ndani yake mpaka kiunoni. Yangeyange weupe wamejipanga kama sare za shule. Kuna ndege mdogo wa bluu ambaye anakaa kwenye kijiti, anajirusha kichwa mbele, anatoka na kidagaa, anarudi kwenye kijiti kilekile. Saa mbili asubuhi joto lilikuwa tayari limeanza kubisha hodi, maana bonde hili liko chini sana kuliko Dodoma mjini na upepo haufiki vizuri.

Sasa kuhusu kayaki ya watu wawili. Nadhani kila padri, shehe na mshenga angepaswa kuwa nayo moja. Wa mbele ndiye anayepanga mwendo, kwa sababu hamwoni wa nyuma. Wa nyuma ndiye anayeshika usukani, kwa sababu anamwona wa mbele. Wa mbele akibadilisha mwendo bila taarifa, makafi yanagongana. Wa nyuma akitaka kuongoza kwa mdomo badala ya kafi, wa mbele anachukia. Mimi nilikaa mbele. Dakika ishirini za kwanza tulizunguka kama kuku mwenye kideri, mume wangu akisema "kulia, mama, kulia," na mimi nikimuuliza kulia kwa nani. Injinia na nesi walitupita wakiimba. Baadaye tuliwakuta wamekwama kwenye magugu, hawaimbi tena, kila mmoja ameangalia upande wake.

Kilichotuokoa ni kunyamaza. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, moja, mbili, naye akanifuata. Ghafla chombo kikanyooka.

Mama perege

Samaki wa pale ni kambale na perege zaidi. Chambo ni minyoo, ambayo watoto walituchimbia kwa bei waliyopanga wenyewe na hawakupunguza hata shilingi. Mzee alituonyesha pa kutega: si katikati kwenye maji wazi kama tulivyodhani, bali pale nyasi zilizozama zinapokutana na mfereji. Mvua zikifurisha mbuga, kambale wanapanda kwenye maji ya kina kifupi, kwenye majani, kutaga mayai, na wanaendelea kuzungukazunguka pale kutafuta chakula.

Kambale ni kiumbe wa ajabu, msimdharau kwa sababu ya sura. Hana magamba, ana sharubu nane za kupapasia gizani, na ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama mimi na wewe. Maji yakipungua anajichimbia kwenye tope lenye unyevu anasubiri. Akiona vipi anajikokota nchi kavu kwa mapezi kutafuta dimbwi lingine. Ukimshika angalia ile miiba ya mapezi ya kifuani. Mume wangu hakuangalia. Nesi alimsafisha kidole, akamfunga, akamwambia asitie chumvi, hilo si jeraha la kuombea ruhusa kazini.

Mimi wangu wa kwanza alikuja kama saa nne. Kwanza chelezo kilitikisika, kikatulia, halafu kikazama moja kwa moja kama kimeitwa. Nilivuta, mshipi ukakata maji kwenda kushoto, kayaki nayo ikaanza kugeuka kumfuata samaki, na mume wangu nyuma akawa anapiga kafi kinyumenyume kutuzuia tusiingie kwenye matete. Hakusema neno hata moja. Nilimtoa. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, mweusi, anateleza, ananitazama kwa vijicho vyake vidogo kama mtu aliyeamshwa usiku. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika Manyoni.

Perege ndiye aliyenigusa zaidi, ingawa ni mdogo. Mzee alipomtoa mmoja wavuni alimfungua mdomo na ndani tukaona vitoto, vingi, vidogo kama punje za mtama vyenye macho. Perege jike wa aina hii anayabeba mayai yake mdomoni, yanaangulia humohumo, na vitoto vikitoka kuogelea vikaona hatari vinarudi ndani ya mdomo wa mama. Muda wote huo mama karibu hali kitu. Mzee akamrudisha majini bila kuombwa. Mhasibu akauliza baba yake yuko wapi. Mzee akajibu, "Huyo ameshaondoka kutafuta mwingine." Nesi akamgeukia Injinia akamwangalia mpaka akajitetea kwamba yeye si perege.

Umekuja kukaa au umekuja kulala?

Saa saba tulitoka majini kwenda kula nyumbani kwa mzee. Mke wake alikuwa ameshasonga ugali wa uwele na kupika mlenda, na samaki wetu wakaongezwa. Msomaji, kama unaijua Dodoma kwa zabibu na mishikaki tu, hujala. Mlenda wa bibi yule ulikuwa unavutika kutoka bakulini hadi mdomoni bila kukatika, na kambale mbichi aliyechemshwa kwa chumvi na nyanya tu hahitaji kiungo kingine. Mhasibu aliomba ugali mara tatu.

Tukauliza yale maswali ya wageni. Mmekaa hapa muda gani, maji huwa yanafika wapi. Mzee akatuonyesha mti mmoja mbali, akasema mwaka wa El Nino, ule wa 1997 kuingia 1998, maji yalipita pale. Kisha akasema kuna miaka yalikauka kabisa.

"Yakikauka mnaishije?" mume wangu aliuliza.

"Mtu anafuata maji," mzee alijibu. "Mimi nilikwenda Mtera."

"Alikaa Mtera miaka sita," bibi akadakia kutoka jikoni. "Alikuwa anakuja siku ya msiba na siku ya mavuno."

"Nilikuwa naleta hela."

"Alikuwa analeta hela," bibi akakubali, bila ugomvi wowote. Akaja akakaa, akanawa mikono. "Siku moja akaja na begi kubwa. Mimi nina mbuzi wangu, nina shamba langu, watoto wameshazoea. Nikamuuliza, umekuja kukaa au umekuja kulala?"

Tulicheka wote. Mzee alicheka kuliko sisi, halafu akatulia, akasema huku akichambua mwiba, "Yule wa mwisho alinipokea mzigo, akanipa kiti, akanisalimia vizuri. Halafu akaniuliza namtafuta nani."

Mume wangu hakucheka hiyo.

Injinia, kwa kutaka kubadilisha hewa nadhani, akaanza habari za maji. Alieleza ule mpango wa siku nyingi wa bwawa la Farkwa kule Chemba, juu kwenye Mto Bubu, ambao maji yake yanakusudiwa kwenda Dodoma mjini. Jiji lile lilikuwa na watu 765,179 katika sensa ya 2022, na kila siku wanaongezeka, wakiwemo hao wanaofuata mafaili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Na huku yatafika?" akauliza. Injinia akasema itategemea na jinsi bwawa litakavyoendeshwa, kuna maji ya kuachia yaendelee na mto, ni suala la mahesabu. Mzee akasema, "Basi mkahesabu vizuri." Hakuna aliyeongeza neno. Nilitazama chupa yangu ya maji niliyoijaza bombani Dodoma asubuhi ile.

Jioni tulirudi majini saa moja tu zaidi, jua lilipopungua makali. Wengine walikaa kwenye mfereji, sisi wawili tukaenda mpaka kwenye yale maji mapana. Simu hazikuwa na mtandao. Tulikaa tumeshika ndoano, mgongo wangu kwake, kama watu waliopanda bodaboda, na nadhani hiyo ilisaidia. Kuna mambo ni rahisi kuyasema ukiwa huonwi usoni.

"Mwezi uliopita nilipokuja Dar," alianza, "mtoto alinikaribisha kiti."

"Ana adabu."

"Mtoto wa miaka minne hamkaribishi baba yake kiti, mama."

Nilinyamaza. Chelezo changu kilikuwa kimetulia kabisa.

Akaendelea. Alisema amechoka kuagana stesheni. Alisema kiwanja alichopata anataka kuanza msingi, lakini hajui anajenga nyumba ya nani. Sikumjibu haraka, kwa sababu mimi nina kazi ambayo nimeipigania toka niko chuo, na najua kuna wasomaji wangu wa kike wameshanuna hapa: kwa nini kila mara anayehama awe mwanamke? Swali zuri, nililiuliza mwenyewe palepale, kwa sauti. Akajibu kwamba yeye kuhama wizara arudi Dar ameshaomba mara mbili na majibu ninayajua. Ni kweli ninayajua.

Nikamwambia hivi. Gazeti siku hizi halitengenezwi mezani peke yake. Makala zinakuja kwa simu na kwa barua pepe, picha zinakuja kwa njia hiyohiyo, kinachonihitaji mimi mwili mzima ni wiki ya mwisho kabla ya kwenda mtamboni, na vikao. Kwa hiyo wiki moja kila mwezi nitakuwa Dar, na wiki hiyo yeye ndiye atakayempeleka mtoto shule, atakayempikia na kumwogesha, si dada wa kazi, si mama mkwe. Kazi yangu haipungui cheo. Na hati ya kiwanja itoke kwa majina yetu wawili, kabla ya tofali la kwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu kumiliki pamoja, si fadhila.

Kafi lake lilisimama. Kayaki ikaanza kwenda yenyewe polepole, ikaingia kwenye matete na kusimama. Niliwasikia Mhasibu na mzee mbali wakibishana kuhusu fimbo ya bei mbaya, ambayo kutwa nzima ilikuwa imetoa jani moja na kamba ya kiatu.

"Wiki nzima peke yangu na yeye?" akauliza.

"Mimi nina miaka mitatu peke yangu na yeye."

Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Jumatatu nitakwenda ofisi ya ardhi kuuliza fomu."

"Jumatatu nitakuwa kwenye treni. Nitumie picha yake."

Kama utakwenda

Wakati mzuri ni mwezi wa nne hadi wa sita, mvua zikiwa zimepungua na maji bado yapo. Nenda na mwenyeji wa palepale, mlipe vizuri, na umwulize kila siku hali ya maji kwa sababu inabadilika. Vaa buti za mpira na suruali ndefu, na usioge wala kuchezesha miguu kwenye mifereji ile, hata joto likikuzidi. Maji ya mashamba ya mpunga yenye konokono ndipo mahali pa kichocho. Vijidudu vyake vinapenya ngozi bila wewe kusikia chochote. Shoga yangu ameniagiza niandike kwamba ukiwa umelowa, nenda ukapime wiki kadhaa baadaye, na dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli. Mbu nao jioni hawana utani. Rudini na takataka zenu. Na ukikuta perege amebeba vitoto, umeshajua la kufanya.

Tuliondoka jua likizama, kambale sita wamekaushwa na bibi kwa moshi, wamefungwa kwenye majani na gazeti. Harufu ilijaa gari zima. Tulipokaribia Bahi mtandao ukarudi na simu zote tano zikaanza kulia kwa pamoja. Nikampigia mama. Nikamwambia sitaki azungushwe na habari ya watu wengine, kwa hiyo namwambia mwenyewe: shule zikifungua Januari, mimi na mjukuu wake tutakuwa tunaishi Dodoma, na wiki moja kila mwezi nitakuwa nalala kwake.

Mama alikaa kimya muda, nikadhani laini imekatika.

"Sawa," akasema. "Na yale masufuria yangu uliyoazima siku ya kipaimara, yarudi kabla ya Januari. Huko Dodoma mtanunua yenu."